Kizingiti cha Kahawia

Kufikia saa nne asubuhi mfereji ulikuwa umeshatoa baiskeli tatu, mashine ya kukamulia nguo, mlango wa jiko la makaa na gurudumu la mkokoteni, lakini Hetty Kershaw haukumtoa. Polisi sita wenye makulabu marefu walikuwa wakiyachokoa maji meusi nyuma ya Mtaa wa Alma, na juu ya daraja nusu ya mji wa Harclough ilisimama ikila pai na kutoa ushauri wa bure. Mzee mmoja aliitambua baiskeli yake iliyoibwa kabla ya vita, akaidai papo hapo. Konstebo akamwambia asubiri, maiti kwanza.

Inspekta Edgar Rawcliffe alikuwa kando ya maji, mikono mfukoni, akijizuia asicheke. Ilikuwa asubuhi njema ya Juni. Kiwanda cha Albion kilikuwa kimeacha kufuma pamba miaka miwili iliyopita na sasa watu walishonea humo sapatu za nyumbani, kwa hiyo bomba lake kubwa halikutoa moshi, na anga la Harclough lilikuwa la buluu kwa namna ambayo wazee walisema haiwafai mapafu yao. Rawcliffe aliipenda buluu hiyo. Aliupenda mji huu wote, na kama si kazi iliyomleta angeketi hapo kwenye ukingo na pai yake kama wengine.

Lakini kazi ilikuwepo, na ilikuwa na mtu ndani yake. Wasyl Hrynko, Muukraine aliyepanga chumba cha juu kwa Hetty Kershaw tangu vita vilipokwisha, alikuwa amelala mahabusu usiku uliopita. Hetty alikuwa mjane wa miaka sitini na minne. Jana, Alhamisi, hakutokea kumimina chai kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na mumewe. Waliokwenda kumwuliza walijibiwa na Wasyl neno moja tu, kwamba hayupo. Polisi walipomhoji alisema mama mwenye nyumba aliondoka Jumamosi na sanduku. Alikokwenda hakukujua.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Kwa maana Mtaa wa Alma mzima, nyumba ishirini ukuta kwa ukuta upande huu na ishirini upande ule, ulikuwa tayari kuapa kwamba Hetty alikuwepo nyumbani Jumatatu, Jumanne, Jumatano na hata jana asubuhi. Hakuna aliyemwona uso. Walikiona kizingiti chake. Kila asubuhi jiwe la mlango wa nambari kumi na nne lilikuwa limeoshwa na kusuguliwa kwa jiwe la rangi, lile wanaloliita jiwe la punda kwa sababu ya mnyama aliyechorwa juu yake, na mwanamke wa Harclough husugua kizingiti chake mwenyewe. Basi kama Hetty alisugua Alhamisi alfajiri, na Wasyl anasema aliondoka Jumamosi, Wasyl anasema uongo, na mpangaji hasemi uongo bila sababu kuhusu mama mwenye nyumba aliyepotea.

Mrakibu Lomax, mkuu wa kituo, aliiona hoja hiyo kuwa imekamilika. Asubuhi hii ikapatikana ya pili: koti la kijivu la Hetty, lile alilolivaa kwenye kila mazishi ya mji kwa miaka ishirini, lilikutwa juu ya mkokoteni wa Jabez Tattersall, mnunuzi wa matambara, na Jabez alisema alipewa na Muukraine siku ya Jumanne. Lomax alimwambia Rawcliffe kwamba saa kumi na mbili jioni atamfungulia Wasyl shtaka la mauaji, mfereji utoe usitoe.

Rawcliffe alianzia mahabusu. Wasyl alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono ya kubebea magunia, na alikaa kitandani kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Koti ulimpa Jabez wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mama Kershaw alisema, Jabez akipita mpe hili, sitaki kuliona tena."

"Na alikokwenda hukuuliza?"

"Niliuliza. Akasema, Wasyl, usipojua hawatakutoa neno. Mtaa huu unatoa maneno hata kwa jiwe." Akasugua magoti. "Inspekta, wakinishtaki, watanirudisha?"

Rawcliffe alijua kwamba shtaka lile lingeweza kumpeleka mbali zaidi ya kumrudisha kwao, na hakutaka kulisema. Alimwambia anywe chai yake. Alipokuwa akifunga mlango aliona kwamba alikuwa anamwamini, na hilo lilimtia wasiwasi, kwa kuwa imani haiandikwi kwenye jalada.

Mtaa wa Alma ulimpokea kwa mapazia yanayochezacheza. Vizingiti arobaini vilimeremeta juani, na thelathini na tisa vilikuwa na rangi moja ya malai, weupe wenye unjano kidogo kama wa maziwa. Cha Hetty peke yake kilikuwa cha kahawia, na ukingo mweupe ukikizunguka. Rawcliffe alichuchumaa mbele yake. Mama yake alikuwa mfumaji katika kiwanda cha Albion na alisugua kizingiti cha namna hii kila siku ya maisha yake, kwa hiyo alijua pa kutazama. Kahawia ilikuwa sawa. Ukingo mweupe ulikuwa na kasoro: ulianza na upana wa vidole viwili, ukafika katikati vitatu, ukarudi viwili, kama kazi ya mtu anayebahatisha.

Akaingia ndani kwa ufunguo wa Wasyl, akapita sebuleni palipofutwa vumbi, hadi chumba cha kuoshea vyombo nyuma. Ndoo ilikuwa nyuma ya mlango. Aliigeuza: kavu. Kitambaa kilichotundikwa juu yake kilikuwa kimekakamaa kama ganda la mkate, na chini yake jiwe la kahawia lilikuwa limekauka kabisa. Kati ya mshikio wa ndoo na ukuta buibui alikuwa amejenga nyumba yake kwa raha zake, wala hakuwa na haraka ya kuhama.

Rawcliffe alikaa juu ya kigoda akawasha kiko. Ndoo hii haikutumika jana, wala juzi. Kizingiti kimesuguliwa kila siku, lakini hakikusuguliwa kutoka nyumba hii. Basi mtaa mzima haukudanganya, ila ulishuhudia mkono usiokuwa wa Hetty. Lomax angesema ni wa Wasyl, anaficha kosa lake. Rawcliffe aliijaribu hoja hiyo kichwani. Mwanamume aliyepiga magoti kwenye kizingiti cha Mtaa wa Alma asubuhi kweupe angekuwa ameonwa na macho themanini, na habari ingefika Manchester kabla ya kifungua kinywa. Na kama angefanya hivyo, si angesema yule mama alikuwepo hadi jana? Angejiharibia hadithi yake mwenyewe.

Banda la Jabez Tattersall lilikuwa kando ya mfereji, chini ya daraja la pili, likinuka farasi na sufi iliyolowa. Jabez mwenyewe alikuwa mdogo, mkavu, na mwepesi wa kuudhika. Alianza kwa kulalamika kwamba polisi wamemnyang'anya koti zuri bila kumlipa. Rawcliffe alimwacha amalize, akamwuliza habari za mawe ya vizingiti, yale aliyowapa wanawake kwa kubadilishana na matambara.

"Mtaa wa Alma unachukua rangi gani?"

"Malai. Wote malai. Ila Hetty, yeye kahawia na kipande cheupe."

"Wiki hii Hetty alichukua?"

"Hetty sikumwona wiki hii." Jabez akajikuna shingo. "Kahawia nilimpa Ada Pilling. Nikadhani sikusikia vizuri, nikamwuliza mara mbili, akanikaripia. Akanipa kizibao cha marehemu mumewe Fred, kizibao kizima, Inspekta, chenye bitana ya hariri. Kwa jiwe la kahawia na kipande cheupe. Nikasema moyoni, mama huyu uzee umemwingia."

"Siku gani?"

"Jumatatu nilipitia uchochoro wa nyuma kwenda kumpunguzia farasi kwato. Alinikimbilia na ndala."

Rawcliffe alimshukuru kwa uchangamfu uliomtia Jabez shaka. Ada Pilling alikaa nambari kumi na mbili, ukuta mmoja na Hetty. Na kila mtu aliyelelewa Harclough, Rawcliffe akiwemo, alijua jambo moja kuhusu Ada Pilling na Hetty Kershaw: hawakuwa wamesemezana tangu siku malkia alipotawazwa, miaka kumi na moja.

Ada alifungua mlango kabla hajagonga. Alikuwa mwembamba, aproni yake imepigwa pasi hadi kamba zake, na alimjua Rawcliffe tangu akiwa na kaptula.

"Mtoto wa Bertha," alisema. "Futa miguu."

Akafuta. Akakalishwa, akapewa chai na kipande cha keki ya tangawizi, na akaila kwanza, maana kumhoji Ada kabla ya kula kungekuwa utovu wa adabu usiosahaulika. Alimwambia keki ni nzuri. Ada akasema anajua. Kisha Rawcliffe akaweka kikombe chini.

"Bi Ada, kizingiti cha Hetty, ulikiona jana?"

"Nilikwisha kumwambia konstebo wako. Kilikuwa safi."

"Nani alikisugua?"

"Kizingiti cha mtu husuguliwa na mwenyewe."

"Na kizibao cha Fred kiko wapi?"

 Ada alinyanyuka, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo, akakaa tena.

"Huyo Jabez," alisema, "mdomo wake haufungiki hata akilala."

"Bi Ada, sikiliza mwanao. Mtaa mzima umeapa kwamba Hetty alikuwa hapa hadi jana, kwa sababu ya kizingiti. Wasyl anasema aliondoka Jumamosi. Saa kumi na mbili wanamshtaki Wasyl kwa kumuua. Kwa sababu ya kizingiti."

Rangi ilimtoka Ada usoni. Hakuwa amejua, hilo Rawcliffe aliliona wazi na likamfurahisha. Konstebo alikuwa amemwuliza kama kizingiti kilikuwa safi, naye akajibu kweli tupu, na hakuna aliyemwambia kweli hiyo inakwenda kumfunga nani.

"Wasyl?" alisema. "Aliyenitengenezea paa bila kuombwa?"

"Huyo huyo."

"Nilitoka Jumatatu asubuhi na ndoo yangu," Ada alianza, akitazama dirishani, "nikakiona. Kimekauka. Kina alama ya kiatu cha mleta maziwa katikati. Miaka arobaini sijawahi kukiona hivyo. Nikasema, huyu ni mgonjwa. Na saa moja baadaye wale wa upande wa pili wangetoka, yule Mabel wa kumi na tisa na dada yake, wangesimama pale kumcheka. Sikutaka wamcheke. Kumchukia ni haki yangu mimi, si yao. Nikakiosha upesi, kabla pazia halijafunguliwa. Jabez akapita nikapata kahawia. Kesho yake nikakuta hajatoka tena, nikasugua tena."

"Na hukugonga mlango, umwulize hali?"

Ada alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hapandi mti.

"Hatusemezani," alisema.

Rawcliffe alilazimika kuinama kufunga kamba ya kiatu, na alikaa huko chini kwa muda. Alipoinuka aliuliza ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini, ingawa alikuwa amewahi kusikia matoleo matatu. Ada akampa la nne. Kwa siku ya kutawazwa malkia wanawake wa Alma walikubaliana mtaa wote uwe malai, kama utepe mmoja tangu kona hadi kona. Alfajiri Hetty akatoka na jiwe la kahawia. Ada akamwambia kahawia ni rangi ya mchuzi. Hetty akamwambia malai ni rangi ya watu wasio na mawazo. Tangu hapo basi.

Aliposikia kwamba itabidi ayaseme haya kituoni, yaandikwe, na yasomwe, Ada alivaa kofia yake na pini mbili. Kutoka nambari kumi na mbili hadi kona, mapazia yakimsindikiza, hakutazama upande wowote. Rawcliffe, aliyekuwa ametembea na majambazi na madiwani, hakuwahi kuona mtu akilipa deni la ukweli kwa shingo iliyonyooka namna ile.

Mrakibu Lomax aliusikiliza ushahidi wote bila kukatiza, kalamu ikigonga meza. Koti la kijivu lilikuwa limelazwa mbele yake na kibandiko cha nambari.

"Vizuri," alisema mwishoni. "Basi huenda aliondoka Jumamosi. Au aliuawa Jumamosi. Yuko wapi, Rawcliffe? Niletee mtu. Na hili koti ulieleze. Mwanamke haachi koti lake la mazishi."

Rawcliffe alilivuta koti kwake. Alilitazama kwa mara ya kwanza kwa utulivu, maana asubuhi lilikuwa limebebwa juu kwa juu kama nyara. Kitambaa kilikuwa kimechakaa viwikoni. Upande wa mbele, chini hadi juu, palikuwa na vijinyuzi vifupi vimekatwa sawasawa kwa mkasi, na palipokuwa na vifungo hapakuwa na kitu.

"Bwana mkubwa," alisema taratibu, "vifungo vimekatwa."

"Muukraine aliviuza."

"Muukraine angevivuta. Hivi vimekatwa na mtu aliyekaa chini, mwenye mkasi na muda. Mama yangu hakuwahi kutoa nguo kwa mnunuzi wa matambara bila kukata vifungo kwanza. Wala mwanamke mwingine yeyote wa Harclough. Bi Ada?"

"Kizibao cha Fred nilikikata," alisema Ada kutoka kwenye kiti chake mlangoni. "Nilikuwa na haraka, lakini nilikikata."

Walimtuma konstebo nambari kumi na nne. Alirudi na kopo la biskuti lililojaa vifungo, na juu kabisa, vikiwa bado na vijinyuzi vya kijivu, vilikuwepo vifungo vyeusi vya koti la mazishi. Hetty alilitoa koti lake mwenyewe, kwa hiari, akiwa na akili timamu na mkasi mkononi. Mwanamke anayetupa koti la mazishi, alisema Rawcliffe, hajafa. Amenunua jipya, na la rangi nyingine.

Mahali pa kununua koti Harclough ni duka la Bi Fairbrother peke yake. Bi Fairbrother alikumbuka bila kusaidiwa, kwa kuwa alikuwa amehangaika nalo: buluu ya anga, kwa mtu wa umri ule, na kofia yake. Hetty alimwuliza kama kitambaa kitastahimili upepo wa bahari. Na nje ya dirisha alisubiri mzee mmoja nadhifu aliyekataa kuingia ndani. Mzee huyo alipomsalimu pale mlangoni, alisema Bi Fairbrother akishusha sauti, aliongea kama watu wa upande wa pili wa milima.

"Wa Yorkshire?"

"Sikutaka kulisema mimi."

Rawcliffe alirudi kituoni akitembea mbio mbio na kucheka peke yake njiani. Sasa siri yote ilikuwa mezani. Baada ya wiki mbili viwanda vyote vitafungwa kwa likizo, na Harclough nzima itahamia Blackpool kama kila mwaka, katika nyumba zile zile za wageni, jirani akiamkiana na jirani yule yule mbele ya bahari. Hetty asingeweza kwenda Blackpool na Myorkshire, hasimu wa jadi wa watu wa Harclough, hata wiki mbili kabla. Wenye nyumba za wageni kule wanawajua watu wa Harclough kwa majina. Angekwenda kwenye ufuo ambao watu wa kwake hawakanyagi, wanakokwenda watu wa Bradford, huko Yorkshire, na sufi yao. Alimpigia simu sajini wa ufuo huo, Morecambe, akamwomba atafute koti la buluu ya anga.

Saa kumi na moja na nusu sajini alipiga. Alikuwa na koti hilo mbele yake, alisema, na mwenye koti alikuwa amekasirika sana, kwa kuwa wametolewa mezani kabla ya samaki. Sasa aliitwa Bibi Illingworth, tangu walipofunga ndoa juzi.

Lomax alilichukua jalada la mauaji, akalitazama, akalifungia kwenye droo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba Hrynko aletewe pai ya moto. Wasyl aliipokea akiwa bado hajaamini, akaketi nayo kwenye benchi la korido karibu na Ada. Ada akamwambia ale, itapoa, na asimwage makombo.

Rawcliffe alishika simu. Sauti ya Hetty ilitoka mbali, na upepo nyuma yake.

"Mmemfunga Wasyl? Edgar Rawcliffe, una wazimu? Mtu asiyeweza kuua nzi?"

Alimwambia ameshaachiwa, yuko hapa anakula. Akamweleza lililowadanganya. Hetty alitoa kicheko kifupi, halafu kikakatika.

"Kila siku? Nani alikisugua?"

"Ada Pilling."

Rawcliffe alisogeza simu mbali kidogo na sikio. 

"Kwa malai," alisema Hetty. "Alikipaka malai, nikiwa nimempa mgongo. Angojee nirudi."

"Kahawia. Alitoa kizibao cha Fred kupata jiwe."

Mtu wa simu akaingilia kuuliza kama wamemaliza. Rawcliffe akasema bado. Alisikia bahari ya Morecambe, au labda ni waya, kisha sauti ndogo ambayo hakuitambua kuwa ya Hetty.

"Lakini Ada hawezi hata kuitazama kahawia."

Rawcliffe alisimama. Alivuta waya wa simu hadi ulipofika, akafungua mlango wa korido kwa kiwiko, na kumnyooshea Ada mkono wa simu. Ada aliutazama. Akajifuta mikono kwenye sketi, ingawa ilikuwa mikavu, akaupokea na kuubana sikioni juu ya kofia. Wasyl aliacha kutafuna.

"Hetty," alisema. Akakohoa. "Ule ukingo mweupe, huwa unaufanya vidole vingapi? Wiki nzima nimekuwa nikikisia."